Tuelezeni ICU kabla hatujalazwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madaktari na wauguzi wanaopanga upasuaji mkubwa, ule ambao tangu mwanzo inajulikana kuwa mgonjwa atatokea chumba cha upasuaji moja kwa moja hadi ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi.

Mimi nilifanyiwa upasuaji wa moyo kubadilishiwa vali, kile kijilango cha kupitishia damu moyoni. Tarehe niliijua wiki sita kabla. Nikapimwa damu, nikapigwa picha, nikaelezwa kuwa naweza kuvuja damu, kupata kiharusi, hata kufa, nikatia saini. Kuhusu ICU niliambiwa tu: "Utakaa huko siku moja mbili tukuangalie."

Nilipozinduka nilitaka kumwita muuguzi, sauti haikutoka. Nikaamini wamenikata mshipa kwa bahati mbaya, nimekuwa bubu. Nikataka kujishika koo, mkono haukuinuka: ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kwenye ukingo wa kitanda. Mara mashine ikaanza kulia juu ya kichwa changu. Nikapiga shahada kimoyomoyo.

Kumbe hakuna kilichoharibika. Mpira wa kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo ukiwa nao huwezi kusema. Ukitolewa sauti hurudi, ingawa hukwaruza kwa muda. Mkono walinifunga nisije nikauchomoa mpira nikiwa bado nimelewa dawa. Na mashine zile hulia hata kwa waya uliolegea. Ni maelezo ya dakika tano, nami niliyapata siku ya tatu kwa muuguzi aliyekuja kubadilisha shuka.

Usiku wa pili niliona wadudu wakitambaa darini. Sikumwambia mtu, nikidhani nimerukwa na akili. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa kuweweseka hivyo huwapata wengi ICU, na kwamba miwani, saa ya ukutani na sauti ya ndugu humsaidia mgonjwa kutambua yuko wapi. Miwani yangu ilikuwa nyumbani. Hakuna aliyetuambia tuje nayo.

Watasema tutawatisha wagonjwa. Kweli wapo wasiotaka kujua, basi waulizwe kwanza. Lakini mimi niliyeambiwa naweza kufa nikatia saini, ningeshindwaje kustahimili habari ya mpira? Nionyesheni, niushike. Tukubaliane ishara: nikifinya mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Na ndugu nao waandaliwe. Mke wangu aliponiona na mipira ile kifuani alitoka nje, akashindwa kurudi siku nzima.

Anayeletwa na ajali hana muda wa kuelezwa. Sisi wa tarehe iliyopangwa tunao.

Mwezi ujao ni zamu ya mdogo wangu, upasuaji kama wangu. Nimemweleza yote mwenyewe, na bweta la miwani yake nimeliandika jina.

Msomaji wako