Kežman hakuwa garasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye kurasa zenu za michezo, ile iliyopanga majina ya washambuliaji mliowaita magarasa waliopita Chelsea. Mateja Kežman amewekwa karibu na kileleni, na maelezo yake ni mstari mmoja tu: mechi 25 za ligi, mabao manne, akauzwa. Takwimu hizo ni za kweli. Lakini huyu ni mtu aliyecheza katika ligi tisa, kuanzia Belgrade hadi Hong Kong, na ninyi mmemhukumu kwa msimu mmoja wa London. Kijana aliyeisoma makala ile ameondoka akiamini kwamba Mserbia yule hakujua kufunga. Hilo limeniuma, ndiyo maana ninaandika.

Kežman alizaliwa mwaka 1979 huko Zemun, upande wa Belgrade ulio ng'ambo ya mto Sava. Alipita klabu ndogo ndogo kabla ya Partizan kumchukua mwaka 1998. Msimu wake wa kwanza hapo haukufika mwisho. Machi 1999 ndege za NATO zilianza kuipiga Yugoslavia mabomu, ligi ikasimama, na Partizan iliyokuwa ikiongoza ikatangazwa bingwa. Msimu uliofuata kijana huyu alifunga mabao 27 na kuwa mfungaji bora wa ligi. Klabu za kule zinaishi kwa kuuza vijana wao, na katikati ya mwaka 2000 akauzwa PSV Eindhoven ya Uholanzi.

Hapa ndipo makala yenu ilipopaswa kuanzia. PSV ni klabu iliyowalea Romário na Ronaldo walipofika Ulaya, na wakati Kežman anatua, Ruud van Nistelrooy alikuwa majeruhi na mwaka mmoja baadaye akaenda Manchester United. Kuvaa viatu vya watu hao si jambo dogo kwa mgeni wa miaka 21. Msimu wa kwanza alifunga mabao 24 ya ligi akawa mfungaji bora. Wa pili 15. Wa tatu 35, mfungaji bora tena. Wa nne 31, mfungaji bora kwa mara ya tatu. Jumla mabao 105 katika mechi 122 za ligi, na ubingwa wa Uholanzi mara mbili, 2001 na 2003. Alipokuja winga kijana anayeitwa Arjen Robben, mashabiki wakawabatiza wawili hao Batman na Robin, kama wale mashujaa wawili wa sinema. Mchezaji wa namna hiyo akiitwa garasa, basi tutahitaji jina jingine kwa wale wasiojua kufunga kweli.

Mwaka 2004 Batman na Robin wote walihamia Chelsea. Kiangazi hichohicho kocha José Mourinho alimleta Didier Drogba kwa pauni milioni 24, wakati Kežman alinunuliwa kwa takriban milioni tano. Mourinho alikuwa akipanga straika mmoja tu mbele, huku mawinga wakishambulia kutoka pembeni. Kežman alikuwa mtu wa ndani ya boksi, anayehitaji dakika za kutosha na mipira ya haraka miguuni. Badala yake alikuwa akiingia mchezo ukiwa umeshaamuliwa, mara nyingi dakika za mwisho. Bao lake la kwanza la ligi lilikuja Desemba, kwa penalti dhidi ya Newcastle. Sikatai kwamba alipoteza nafasi ambazo Uholanzi asingezipoteza. Straika anayekaa benchi huanza kulitazama goli kwa woga, na kwake lilionekana wazi.

Hata hivyo, kombe la kwanza la Mourinho pale Chelsea lilikuwa Kombe la Ligi, na njia ya kulifikia ilipita kwa Kežman. Oktoba 2004 walikutana na West Ham, wakashinda 1-0, na mfungaji alikuwa yeye. Fainali ilichezwa Cardiff, Februari 27, 2005, dhidi ya Liverpool. Riise wa Liverpool alifunga kabla ya dakika moja kutimia, mwenzake Gerrard akajifunga dakika ya 79, mechi ikaenda muda wa nyongeza. Drogba akafunga dakika ya 107. Dakika ya 112 Kežman akausukuma wavuni mpira wa tatu kutoka karibu kabisa na mstari, na dakika moja baadaye Núñez akaifungia Liverpool la pili. Ikaisha 3-2. Ondoa bao la Kežman, uone matokeo yanasomekaje. Msimu huohuo Chelsea walitwaa ubingwa wa ligi baada ya kuusubiri miaka 50.

Na kuna sehemu ya habari yake ambayo makala haikuigusa kabisa: timu ya taifa. Alianza kuichezea nchi iliyoitwa Yugoslavia, mwaka 2003 ikawa Serbia na Montenegro, naye akaifikishia mechi 49 na mabao 17. Kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2006 timu hiyo iliruhusu bao moja tu katika mechi kumi, na ikamaliza juu ya Hispania. Septemba 2005 walikuwa nyuma 1-0 mjini Madrid kwa bao la Raúl, na Kežman akasawazisha, tena katika uwanja wa Vicente Calderón, nyumbani kwa Atlético ambako alikuwa ndiyo kwanza amehamia akitokea Chelsea. Mwezi uliofuata, Belgrade, alifunga bao pekee dhidi ya Bosnia lililowapeleka Ujerumani.

Kufika Ujerumani, nchi yenyewe ilikuwa imeshagawanyika. Montenegro ilipiga kura ya kujitenga Mei 2006 na kutangaza uhuru mwanzoni mwa Juni, siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Wachezaji wale walisimama kuimba wimbo wa taifa ambalo halikuwepo tena. Mechi hiyo ya kwanza walifungwa 1-0 na Uholanzi, na aliyefunga ni Robben. Ya pili Argentina waliwachapa 6-0, na Kežman akatolewa kwa kadi nyekundu kwa kumchezea vibaya Mascherano.

Hasira ilikuwa ugonjwa wake, sifichi. Katika Euro 2000 aliingia kutoka benchi dhidi ya Norway na hakumaliza hata dakika moja uwanjani kabla ya kuonyeshwa nyekundu. Akiwa Paris Saint-Germain, mwaka 2009, aliitupa chini jezi ya klabu alipotolewa kwenye nusu fainali ya Kombe la Ligi la Ufaransa dhidi ya Bordeaux. Hayo yaandikwe pia, maana ni yake.

Lakini yaandikwe pamoja na Fenerbahçe, ambako alitwaa ubingwa wa Uturuki mwaka 2007, klabu ilipotimiza miaka 100, na msimu uliofuata chini ya kocha Zico wakafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuwafunga Chelsea 2-1 mjini Istanbul, kabla ya kutolewa London. Baada ya Paris alicheza kwa mkopo Zenit ya Urusi, akaenda South China ya Hong Kong, akachezea pia BATE Borisov ya Belarusi, mabingwa wa nchi hiyo mwaka 2011. Kisha akawa wakala, na mmoja wa wachezaji aliowasimamia ni kiungo Sergej Milinković-Savić.

Ninalishikilia jambo hili kwa sababu linatugusa hapa nyumbani. Straika wetu Mbwana Samatta naye alifunga katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, kwa kichwa, Wembley, Machi 1, 2020, Aston Villa ilipofungwa 2-1 na Manchester City. Miezi michache baadaye naye alikwenda Fenerbahçe. Niliwasikia Watanzania wenzangu, na wengine niliwasoma humu humu, wakisema ameshuka, safari imeisha. Mtu yuleyule alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk mwaka 2019, na baadaye akawa bingwa wa Ugiriki na PAOK mwaka 2024. Tukiwafundisha vijana wetu kwamba nje ya Uingereza hakuna soka, siku mtoto wa Temeke atakapopata ofa kutoka Ugiriki au Belarusi tutamwambia nini?

Ombi langu ni dogo. Orodha kama ile mkiitoa tena, chini ya kila jina wekeni jedwali la klabu zote alizopita mchezaji, na mechi na mabao ya kila moja, Eindhoven ikiwemo. Nafasi ya kutosha ipo. Picha ya Kežman akiwa ameshika kichwa ilichukua robo ya ukurasa.

Msomaji wenu,
Morogoro