Maziwa tunayo, samli ndo hatuna

Mhariri, salamu kutoka Nyamirambo, Kigali. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla sijawasha jiko, na wiki iliyopita kuna msomaji wenu wa Mwanza alilalamika samli imepanda bei kwao, akamalizia eti afadhali wenzetu wa Rwanda, wamegawiwa ng'ombe mpaka vijijini huko, samli si wanaogelea. Nilicheka mpaka mume wangu akaja jikoni kuuliza kuna nini. Ndugu yangu wa Mwanza, mi napika pilau na biriani za harusi mwaka wa 14 huu, na samli ya kweli hapa naitafuta kama mtu aliyepoteza kitambulisho.

Ng'ombe wapo, hilo sibishi. Ule mpango wa Girinka (maana yake "uwe na ng'ombe") ulianza 2006 na ng'ombe zaidi ya laki 4 wameshagawiwa kwa familia maskini, na maziwa mwaka 2005 nchi nzima hayakufika hata tani laki 2 lakini saivi tumevuka tani milioni 1 kwa mwaka. Hapa mjini baa za maziwa zimejaa, unaingia unaagiza glasi ya ikivuguto, yale ya mgando, na chapati, unakaa zako. Tatizo ni kwamba watu wanadhani maziwa yakiwa mengi basi na samli itakuwa nyingi, wakati samli inatoka kwenye malai, yale mafuta yanayoelea juu ya maziwa, na malai lazima kuna mtu ayaengue kwanza. Sisi hatuengui. Ukinywa ikivuguto umekunywa na mafuta yake humo humo, maziwa ya pakiti mengi yanafungwa na mafuta yake, jibini la Gishwati ndo usiseme, sasa samli itoke wapi?

Halafu kuna hili la ng'ombe wenyewe ambalo wengi hawaliangalii. Yule wa kienyeji mwenye pembe ndefu anakupa lita 2 au 3 tu kwa siku lakini maziwa mazito, mafuta yanafika asilimia 5 na kuzidi. Huyu chotara wa Friziani anakupa ndoo, ila asilimia 3 na nusu hivi. Piga hesabu, kilo 1 ya samli kwa maziwa ya wa kienyeji inataka kama lita 20, kwa Friziani inakimbilia lita 28, na hapo uwe hujamwaga hata tone. Tumechagua ng'ombe wa ndoo kwa sababu watoto wanahitaji maziwa na mimi siwezi kulaumu hilo, nasema tu mafuta hayakuongezeka sawasawa na maziwa.

Mama mkwe wangu yuko Nyabihu, upande wa Gishwati kule juu kwenye baridi. Zamani alikuwa ananiletea samli kwenye kopo la maziwa ya unga, nyeupe, ina harufu ya moshi kidogo, ukiikaangia vitunguu majirani wanaanza kupita pita mlangoni. Alikuwa anagandisha maziwa kwenye igisabo, kile kibuyu kikubwa, anakitikisa amekaa chini mpaka siagi inajitenga, anaiosha kwa maji, yale maji maji yanayobaki, amacunda, wanapewa watoto, siagi inachemshwa. Siku hizi asubuhi kijana wa pikipiki anapita na madebe anachukua maziwa yote kupeleka kituo cha kukusanyia, na hela inaingia kwenye simu. Nilipomuuliza mbona haniletei tena akanijibu, mwanangu, nani akae kutikisa kibuyu wakati maziwa yameshageuka faranga? Sikuwa na la kusema. Sasa hivi nikipata samli kwake ujue ni mvua, barabara imekuwa tope pikipiki haipandi, au ni yale maziwa ya jioni yaliyokosa wa kuyachukua. Yaani samli yangu mimi inategemea barabara mbovu, na kila wakiweka lami nazidi kuumia (msiache kuweka lami lakini!).

Kwa hiyo natumia ya Uganda, ya upande wa Mbarara kule ambako samli ni chakula cha heshima, wanatengenezea eshabwe, ule mchuzi wao mweupe wa samli. Mpaka wa Gatuna, kati yetu na Uganda, ulipofungwa mwanzoni mwa 2019 mpaka mwisho wa Januari 2022 nilijuta kuzaliwa mpishi. Nikaanza kununua makopo dukani yameandikwa samli kwa herufi kubwa, ukisoma kwa chini kwa miwani unakuta ni mafuta ya mawese yaliyogandishwa. Bi harusi mmoja mama yake alionja pilau akaniangalia tu, hakusema kitu, na ile kazi nyingine aliyoniahidi sikuisikia tena. Kwenye mikate ni hivyo hivyo, mtu anakwambia kapaka siagi kumbe ni blubendi. Siagi ya kweli kwa viwango vya kimataifa ni mafuta ya maziwa asilimia 80, samli asilimia 99 na zaidi. Ya mawese iuzwe jamani, wengine hela yao inafika hapo, ila iitwe jina lake. Hilo naomba wakubwa wa viwango wa nchi zetu zote walisikie maana makopo hayo nimeyaona na huko kwenu.

Na ya kutoka mbali, Ulaya au New Zealand, usifikirie. Tangu Julai 2022 Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa za maziwa kutoka nje ili kumlinda mfugaji. Sawa, alindwe, lakini kwenye samli tunamlinda mfugaji ambaye hatengenezi samli.

Macho yangu yako Nyagatare. Pale kuna kiwanda cha maziwa ya unga chenye uwezo wa lita laki 6 na nusu kwa siku. Wakitengeneza unga wenye mafuta yote sisi wapishi hatupati kitu, ila wakitengeneza ule usio na mafuta malai yanabaki, na malai hayamwagwi. Hata robo tu ya hayo maziwa ikienguliwa mafuta ni tani 7 hivi za siagi kwa siku. Tani 7! Wanifungie kwenye ndoo ya kilo 5 bila mapambo yoyote, nitakuja na gari kuchukua mwenyewe.

Jumamosi hii nina harusi ya watu 300 na nina kilo 4 za samli wakati nahitaji 9. Huyo ndugu wa Mwanza kama ana safari ya kuja huku kupitia mpaka wa Rusumo, abebe ndoo, tutaelewana bei.

Mama Pilau,
Nyamirambo, Kigali