Barua ya malalamiko: VPN haishiki tangu mtuwekee Windows 11

Lubumbashi, Desemba 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni inayotutunzia kompyuta na seva

Kuhusu: Kompyuta za mezani kushindwa kuingia kwenye seva baada ya kubadilishiwa mfumo

Bwana Mkurugenzi,

Sisi ni mawakala wa forodha. Mafaili ya wateja wetu yako kwenye seva mnayotutunzia, na kutoka biro hatuna njia nyingine ya kuyafikia isipokuwa VPN, yaani njia ya siri inayotuunganisha na seva kupitia intaneti. Lori la mteja likifika Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na faili lake halifunguki huku mjini, dereva analala barabarani na mteja analipia maegesho. Msichukulie barua hii kama lalamiko la mashine iliyogoma kidogo.

Hatuwalaumu kwa kushauri mabadiliko. Microsoft ilimaliza msaada wake kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mliposema tuhamie Windows 11 tulikubali mara moja. Tunawalaumu kwa namna kazi ilivyofanywa. Mafundi wenu walifuta kila kitu kwenye kompyuta, wakaweka mfumo mpya, wakaandika anwani ya seva na maneno ya siri, wakaondoka bila kujaribu kama VPN inashika. Kesho yake kila aliyejaribu kuingia aliletewa kosa namba 809.

Tangu hapo jibu lenu ni lilelile: intaneti yenu ni dhaifu, ongezeni mega. Tuliongeza. Mkasema tubadilishe ruta, tukanunua nyingine kwa pesa yetu. 809 ikabaki. Najua kosa hilo husema tu kwamba seva haijibu, kwa hiyo siku ya kwanza mtu anaweza kuidhania intaneti. Baada ya yale tuliyowaonyesha, hapana.

Kompyuta moja ya mapokezi haikubadilishwa, kwa sababu haina TPM 2.0, kipande cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Hiyo inaingia kwenye seva bila shida yoyote, kwa kebo ileile, ruta ileile, jina na neno la siri lilelile. Tukaiweka pamoja na moja ya zile mlizobadilisha kwenye intaneti ya simu moja: ya mapokezi ikaingia, ya pili ikakataa. Nilimweleza fundi wenu haya yote kwa simu. Alinijibu kwamba ni bahati, akarudia habari ya mega. Mtu anayeletewa ushahidi wa namna hiyo akakataa kuutazama hawezi kutengeneza kitu.

Aliyepata chanzo ni kijana wa biro yetu aliyesoma informatiki, tena kwa kusoma maelezo ya Microsoft yenyewe. VPN yetu ni ya aina iitwayo L2TP/IPsec, na seva yenu imekaa nyuma ya NAT, yaani nyuma ya ruta inayoficha anwani yake. Windows, ikiachwa ilivyo, haiunganiki na seva iliyokaa hivyo. Lazima kwenye rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya sehemu iitwayo PolicyAgent, iongezwe thamani iitwayo AssumeUDPEncapsulationContextOnSendRule, na iwekwe 2 ikiwa kompyuta nayo iko nyuma ya NAT, kama zetu. Kwenye mashine ya mapokezi thamani hiyo ipo. Iliwekwa na fundi wenu wa zamani. Kwenye zile nyingine ilifutwa pamoja na mfumo wa zamani, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Kijana aliiongeza kwenye kompyuta yangu, ambayo peke yake haikufungwa kwa neno la siri la msimamizi, akaizima na kuiwasha upya, VPN ikashika. Zilizobaki hatuwezi kuzigusa, maana neno lake hilo mnalo ninyi peke yenu.

Linaloniuma zaidi ni hili. Katika kuhangaika na kosa hilo, fundi wenu alizima ukuta wa kinga wa Windows, unaozuia wavamizi na ambao haukuwa chanzo, kwenye kompyuta mlizobadilisha, akaziacha wazi. Hadi leo hatuwezi kuuwasha bila ninyi. Mwingine akatushauri tupakue VPN ya bure. Hiyo ingepitisha shughuli zetu kwenye seva ya mtu tusiyemjua, na kwenye seva yetu isingetufikisha kamwe. Ndani ya mashine hizo kuna nakala za pasipoti za madereva na hati za mizigo ya watu waliotuamini. Ushauri huo haupaswi kutoka kwa kampuni inayolipwa kulinda kompyuta.

Tunataka ukuta wa kinga uwashwe kwanza, kesho ikiwezekana, kisha thamani hiyo iwekwe kwenye kila kompyuta na VPN ijaribiwe mbele yetu kabla fundi hajaondoka. Mturudishie pesa ya ruta na ya ziara mlizotutoza bila sababu. Neno la siri la msimamizi tupewe nakala katika bahasha iliyofungwa. Kompyuta ni zetu.

Mtuandikie pia ni lini mtaachana na L2TP. Tangu Oktoba 2024 Microsoft imetangaza kwamba L2TP na PPTP, aina nyingine ya zamani ya VPN, zitaondolewa kwenye matoleo yajayo ya Windows Server, na inashauri aina nyingine za VPN, IKEv2 au SSTP. Safari hii tujulishwe mapema.

Jibu tunalihitaji kwa maandishi ndani ya siku saba. Likikosekana, tutasimamisha malipo ya mwezi ujao na kudai mafaili yetu yote.

Pokeeni heshima zangu,

Msimamizi wa biro
Komine ya Kampemba, Lubumbashi