Faiba nayo huoza: tazameni chini ya mlingoti

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba wavuvi wa pwani waachane na mashua za mbao kwa kuwa boti ya faiba, yaani ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, "haiozi". Nina miaka 31 katika kazi ya vyombo vya baharini, na Februari mwaka huu nimetoa ndoo mbili za uozo ndani ya boti ya faiba. Naomba nafasi nieleze.

Ilikuwa boti ndogo ya tanga, futi 24, ya mwalimu mstaafu hapa Kilifi. Hakuniita kwa ajili ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya boti. Aliniita kwa ajili ya mlango wa choo cha ndani, ambao ulikuwa haufungiki, na fundi mwingine alishaupiga randa mara mbili. Niliutazama mlango, nikautazama mlingoti uliosimama juu yake, nikaomba uzi. Tuliuvuta kutoka ukingo hadi ukingo. Sitaha yafaa iwe na mgongo ili maji yateremke. Hii ilikuwa imebonyea kama bakuli, ikiukandamiza mlango, na gumba langu lilipita chini ya uzi bila kuugusa.

Mwalimu akasema nyaya zinazoushikilia mlingoti nazo zilikuwa zikilegea, naye kila zikilegea akizikaza. Masikini, alikuwa akiliongeza tatizo kwa mkono wake. Mlingoti wenyewe ni mwepesi, watu wawili wanaubeba. Ila nyaya zikikazwa huuvuta chini, na upepo ukijaa tangani, mzigo unaokaa pale kwenye kikalio chake hupita tani moja.

Katika mashua alizonifunzia ami yangu kule Lamu, mlingoti hushuka hadi ndani kabisa, mguu ukakaa katika mwashiri, yaani gogo lenye tundu la kuupokea, na mwashiri umelala juu ya mataruma, mbavu za chombo, nayo juu ya mkuku, uti wa mgongo wake. Boti ile mlingoti umekalia sitaha tu, na sitaha ni kama sambusa: ngozi ya faiba juu, ngozi chini, katikati vipande vya balsa, mti mwepesi sana. Mtu alitoboa matundu ya skrubu bila kuyaziba, maji yakapenya, miaka ikapita. Nilipokata ngozi ya juu kwa grenda nilikuta kitu cheusi kama machicha ya nazi yaliyochacha. Harufu sitaieleza.

Lakini uozo wa juu ulikuwa nusu ya habari. Chini ya sitaha kuna nguzo ya kupeleka mzigo kwenye mkuku. Niling'oa ubao wa sakafu nikakuta mguu wake umesimama katika maji ya ngama, yale yanayotuama chini kabisa ya chombo. Niliuchoma kwa kisu, kikazama hadi mpini. Nguzo ilishuka, sitaha ikaifuata. Ningetengeneza juu peke yake, mwakani ningeitwa tena.

Tuliulaza mlingoti kwanza. Kisha jeki ya gari chini, ubao mpana juu yake, tukaiinua sitaha kidogo kidogo kwa siku tatu. Ukiharakisha, faiba hupasuka. Balsa yote iliyolowa ilitoka mpaka tukafikia iliyo kavu, na tukaacha jua la kaskazi likaushe kwa wiki nzima. Kazi hii usiianze masika. Chini ya kikalio sikurudisha balsa. Nilijaza tabaka za kitambaa cha faiba kwa gundi ya epoksi, zikawa pande moja gumu. Kingo nilizichonga mteremko, upana mara 12 ya unene wa ngozi, ili kipya kishikane na cha zamani. Nguzo mpya ni ya mbambakofi, mti mgumu, na mguu wake nimeuinua juu ya kitako cha faiba, maji ya ngama yasiufikie. Kila tundu la bolti nililitoboa kubwa kupita kiasi, nikalijaza epoksi, ndipo nikatoboa tena katikati, bolti isiguse mti kamwe.

Epoksi ni ghali, na mwalimu alilalamika sana. Mlango, hata hivyo, sasa unafungika, ingawa una mwanya kwa sababu ya ile randa.

Mhariri, siipingi faiba. Ninachouliza ni nani atakayezitengeneza boti hizi zikifika umri huo. Vyuo vya ufundi vya pwani vifundishe kazi ya faiba pamoja na useremala. Kijana niliye naye alijifunza kwa kunitazama, nami nilijifunza kwa kuharibu boti za watu.

Na yule msomaji, kama ana boti, kabla kusi haijashika agonge sitaha yake kwa mpini wa nyundo kuanzia ukingoni kuelekea mlingotini. Palipo pazima patalia ko, ko. Pakilia du, aweke alama ya chaki hapo na asiziguse nyaya.

Fundi wa vyombo,
Kilifi