Ushuru Umezidi Bei ya Gari: Kabla Hujatuita Wezi

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Mlowo alisimama mlangoni pa ofisi yetu ya wakala wa forodha hapa Mwanjelwa, Mbeya, ufunguo mkononi, akapaza sauti mpaka bodaboda wakageuka: "Mwanangu, gari nimenunua milioni sita. Ushuru zaidi ya milioni tisa unatoka wapi, kama siyo wizi?"

Shikamoo, mzee. Karibu kiti.

Forodha haiangalii karatasi mliyoandikiana na muuzaji kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia. TRA, Mamlaka ya Mapato, wana mfumo wao wa thamani za magari yaliyotumika, uko mtandaoni, hata wewe unaingia: aina, mwaka, ukubwa wa injini, thamani hiyo hapo. Ikisoma milioni 10, hesabu inaanzia 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, milioni mbili na nusu. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, nao unapigwa juu ya milioni 12.5, yaani thamani pamoja na ushuru wa forodha, siyo juu ya 10. Gari limepita miaka 10? Ongeza asilimia 30 ya uchakavu, nayo juu ya 12.5. Hapo ndipo watu hushika kichwa. VAT asilimia 18 inakuja mwisho, juu ya mzigo wote. Jumla 9,912,500, na tozo ya reli, ada ya forodha na usajili bado havijaingia.

Humo yetu haimo hata senti. Kodi unalipa benki kwa namba ya malipo. Ada yetu ina risiti yake ya EFD, ile ya mashine. Mtu akikwambia "nipe zote mkononi, nitakumalizia", mkimbie.

Wengine huja na hoja ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika: eti Zambia ni wenzetu, kwa hiyo ushuru usamehewe. Toyota Ist imetengenezwa Japani; kukaa Lusaka miaka mitano hakuigeuzi kuwa ya Zambia.

Sasa njia ya mkato. Unaliacha gari na namba za Zambia, unaomba kibali cha muda pale mpakani Tunduma, unatembelea Mbeya kama kawaida. Kibali kile ni cha mgeni anayerudi kwao, siyo chako wewe wa Iyunga. Kijana mmoja mnunuzi wa kahawa alienda hivyo miezi minane. Alisimamishwa asubuhi akishuka mteremko wa Senjele, gari likazuiwa, na alipokuja kwetu alidaiwa kodi yote pamoja na faini. Kwa miezi ile alikuwa ameshaweka rimu na redio mpya.

Afadhali huyo. Wapo wanaouziwa gari la IT, yaani la kupita tu nchini, lililotoka bandarini Dar likielekea Zambia au Kongo, halikuvuka. Bei tamu, kadi hakuna. Gari hilo kwenye mfumo bado liko safarini, na dhamana ya mtu imefungwa juu yake. Hatuligusi, hata uje na mama mkwe.

Ndiyo maana kabla ya kufungua faili tunafunua boneti. Mwaka juzi nilipangusa ukuta nyuma ya injini kwa kitambaa chenye petroli, namba ya chasisi ikatokea: tarakimu ya mwisho 8, whitebook, yaani kadi ya gari ya Zambia, inasema 3. Nikapitisha kucha; ile 8 ilikuwa na kingo kali, wenzake laini. Mteja alikasirika kwamba namchelewesha. Tulimwambia arudi Nakonde na muuzaji wake, wapate kwanza uthibitisho wa Interpol kwamba gari siyo la wizi. Muuzaji hakupokea simu tena. Siku ile hatukuchaji kitu, na bado tulilaumiwa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, tutumie picha ya namba ya chasisi na ya whitebook. Hesabu tunakupigia bure, siku hiyo hiyo. Mzee wa Mlowo anarudi Jumatatu na binti yake mwalimu, wapige wenyewe kwenye simu yao. Gari lake bado liko upande wa Nakonde, na muuzaji amekubali likae kwake kwanza.