Mchicha umestawi, lakini udongo je?

Mteja mmoja alifika kitaluni kwetu hapa Dar es Salaam na fungu la mchicha mkononi, majani mapana, kijani cha kupendeza. Kiwanja chake zamani kilikuwa gereji, na jirani alishamtia hofu kuhusu risasi, ile metali yenye sumu ya kwenye betri za magari. "Sasa mchicha wenye sumu ungestawi hivi?" akauliza.

Ungestawi, ndiyo. Kiasi kinachomdhuru mtoto anayekula mboga kila siku mara nyingi ni kidogo mno kuutikisa mchicha. Utafiti wa mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta risasi na kadimi, metali nyingine yenye sumu, kwenye mboga zilizokuwa zikiliwa.

Mmea ukishaota hauhami, hivyo hujikinga palepale. Mizizi hutoa asidi zinazonasa metali kabla haijaingia, na kuta za seli hukamata nyingine. Risasi nyingi huishia huko mizizini. Ile ya kwenye majani mara nyingi imekuja na vumbi, ndiyo maana kuosha kunasaidia. Kadimi ni mjanja zaidi. Kikemia inafanana na zinki, ambayo mmea unaihitaji, basi hupenya kwa mlango uleule. Ikiwa ndani, mmea hutengeneza fitokelatini, minyororo mifupi yenye salfa, ambayo huifunga kadimi na kuifungia kwenye vakuoli, ghala la seli. Mmea umesalimika. Ila ghala hilo limo ndani ya jani, na jani ndilo tunalolitia sufuriani. Hapo hata uoshe mara saba.

Kinga ikizidiwa, mizizi hudumaa na kugeuka kahawia, majani machanga hupauka yakawa njano. Wengi huona njano hiyo wakakimbilia yurea. Tunawasihi wasubiri: yurea huongeza uchachu wa udongo, na udongo mchachu huiachia kadimi iingie kwa wingi zaidi.

Sisi huja shambani, tukachota udongo wa juu, sentimita 20, sehemu kadhaa, tukauchanganya na kuupeleka maabara kupimwa risasi, kadimi na uchachu. Majibu yakiwa ya wastani, tunashauri chokaa na samadi iliyoiva, na kuhama kutoka mboga za majani kwenda nyanya au maharage, maana kwa kawaida metali hufika kidogo kwenye tunda kuliko kwenye jani. Yakiwa mabaya, panda maua, au jenga matuta ya juu kwa udongo wa kuletwa. Kuna wanaotuomba alizeti "inyonye sumu". Tunaweza kuwauzia mbegu, lakini kazi hiyo ni ya miaka mingi, na mabua yake hayafai kwa ng'ombe wala mboji.

Ukija kuomba kipimo, tuambie kiwanja kilikuwa nini kabla yako: gereji, jalala, kwa fundi betri. Maabara hupima kile tu ilichoombwa.