Barua ya malalamiko: simu yenu ijayo ije na betri inayotoka

Fundi wa simu,
Luthuli Avenue,
Nairobi.

Kwa Meneja wa Bidhaa,
Ofisi ya Afrika Mashariki,
Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

MINT: BETRI ILIYOBANDIKWA KWA GUNDI, NA TUNAYOTARAJIA KATIKA TOLEO LIJALO

Mimi ni fundi wa simu hapa Luthuli. Simu za kampuni yenu nazifungua kuliko za kampuni nyingine yoyote, kwa sababu ndizo wateja wangu wanazozimudu, na hata ninayotumia mwenyewe ni yenu. Nasikia toleo jipya liko njiani, na matangazo yake tayari yanasifu kamera. Kamera ya hii tuliyo nayo haina neno. Ninacholalamikia ni betri.

Juzi mama mmoja anayechukua mboga Marikiti alfajiri aliniletea simu yake ikiwa imefura. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimebanduka upande mmoja na kioo kimeinuka hata ukucha unapita. Simu yenyewe haijafika miaka miwili. Aliinunua kwa kulipa kidogo kidogo kila siku, na deni lake amelimaliza majuzi tu. Hakuwa na shida na kioo, wala spika, wala kitu kingine chochote. Alitaka betri mpya, basi.

Nataka mjue kazi hiyo inavyokwenda mezani kwangu. Kwanza napuliza hewa ya moto pembezoni mwa kifuniko mpaka gundi ilegee. Moto ukiwa mdogo gundi haiachii, na ukizidi, betri iliyofura iko hapo hapo chini yake. Halafu napenyeza kadi kuukuu ya benki niliyoichonga ikawa nyembamba, nazunguka nayo polepole. Upande mmoja kuna utepe wa kitambuzi cha alama ya kidole, mfupi mno, umeshikwa na kifuniko. Anayevuta bila kujua huukata, na mteja aliyekuja na tatizo moja anaondoka na mawili. Nikishavuka hapo nakuta betri nayo imelazwa juu ya gundi nzito, nyuma ya skrini, na hakuna kiulimi cha kuivutia. Nadondosha spiriti, nasubiri, nainua kidogo, nasubiri tena. Betri inapinda. Ikitoboka hutoa moshi mkali na inaweza kuwaka papo hapo. Chini ya meza naweka ndoo ya mchanga kwa sababu hiyo, na wenzangu wa vibanda vya pembeni, ambao tumetenganishwa na ubao tu, wanajua kwamba nikisema "tokeni" hakuna wa kuuliza sababu.

Yote hayo ni kwa ajili ya kubadilisha kitu ambacho mlijua tangu mnaichora simu kwamba kitachakaa kabla ya vingine vyote. Betri ya lithiamu haina dawa ya uzee. Kila inapojazwa na kumalizwa inapungua kidogo. Joto huharakisha uchakavu huo, na kukaa kwenye chaji ikiwa imejaa kwa saa nyingi nako huiumiza. Ikizeeka vibaya, kemikali za ndani huvunjika zikawa gesi, na ndiyo hiyo inayoifurisha.

Sasa tazameni simu inavyoishi Nairobi. Mwendesha boda ameifunga kwenye usukani, jua la saa saba linaipiga, ramani imefunguliwa, data inafanya kazi, na waya wa chaji unatoka kwenye betri ya pikipiki. Anayeuza dukani ameiacha kwenye chaji tangu asubuhi, kwa sababu malipo yakiingia lazima ausome ujumbe kabla mteja hajatoka mlangoni. Mtu akija kwenu na betri iliyofura anaambiwa ameitumia simu vibaya. Hapana. Huko ndiko kuitumia. Simu inayouzwa mji huu inatakiwa iundwe kwa kujua hivyo.

Pia simu ikizima hapa, hasara si mazungumzo tu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu ndiyo pochi ya Mkenya. Ndani yake mna nauli, mna pesa za chama, mna mtaji wa kesho, na namba za siri za kuingilia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, zinatumwa humo humo. Mteja wangu mmoja anayekaa Kayole alinunua umeme jioni, ujumbe wenye tarakimu 20 za tokeni ukaingia, na kabla hajazibonyeza kwenye mita simu ikazima, ilhali ilikuwa ikionyesha chaji 30%. Stima hakuna kwa kuwa tokeni iko kwenye simu, na simu haiwaki kwa kuwa stima hakuna. Akapita kwa majirani gizani na mtoto mgongoni, akitafuta wa kumchajia. Betri iliyochoka hufanya hivyo: inaonyesha asilimia isiyokuwa nayo, kisha inaanguka ghafla. Betri ya pili kwenye mkoba ingemaliza shida ile kwa dakika moja.

Nilikiandikia kituo chenu cha huduma kuuliza kama ninaweza kununua betri orijino. Jibu lilikuwa kwamba vipuri haviuzwi kwa mafundi wa nje, na kwamba mteja alete simu, aiache, ikaguliwe, apigiwe. Apigiwe kwa simu gani? Bei niliyotajiwa ya kubadilisha betri nayo ilikaribia nusu ya bei ya simu mpya dukani. Mama wa Marikiti hawezi kuilipa pesa hiyo, na hata angeweza, hawezi kukaa bila simu huku wateja wake wa mboga wakimlipa kwa namba ile ile.

Kwa hiyo tunanunua betri za mtaani. Nyingine ni nzuri, sitazikashifu zote. Lakini kuna zilizoandikwa uwezo wa mAh 5000 ambazo hazifiki nusu yake, na kuna zisizo na saketi ya kuaminika ya kuzuia chaji isipite kiasi. Mteja hawezi kuzitofautisha kwa macho, na hata fundi mzoefu hana hakika mpaka aipime. Betri ya namna hiyo ikiwaka mfukoni mwa mtu, jina litakalotajwa ni lenu, kwa sababu ndilo lililoandikwa mgongoni mwa simu. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya muuze betri halisi waziwazi.

Najua jibu ambalo hutolewa: simu ikifunguka, maji yataingia. Nimezifungua simu nyingi za miaka mingi, na jibu hilo silikubali. Galaxy S5 ya Samsung ilitoka mwaka 2014 ikiwa na kifuniko cha kubandua kwa ukucha na betri ya kutoa kwa mkono, na bado ilipewa kiwango cha IP67, yaani kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kampuni hiyo hiyo ilitoa Galaxy XCover6 Pro mwaka 2022, betri inatoka, na kiwango ni IP68, cha juu zaidi ya hicho. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa Fairphone 5 mwaka 2023, simu ambayo mwenye nayo huibadilisha betri mwenyewe bila kuhitaji kifaa chochote. Ufundi wa kufanya hivyo upo. Simu yenu, kwa upande wake, imefungwa kwa gundi na haina kiwango chochote cha kuzuia maji. Wateja wetu wamekosa vyote viwili.

Linaloniuma zaidi ni hili. Simu hii mnaiuza Ulaya pia. Huko, tangu 20 Juni 2025, sheria inataka betri ya simu ibakiwe na angalau 80% ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya kuchajiwa. Inataka vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, tena vifike ndani ya siku 5 hadi 10 za kazi. Inataka masasisho ya mfumo yaendelee kwa angalau miaka 5 tangu modeli iondolewe sokoni. Kwa hiyo ghala la vipuri mnalo, na mafundi wa huko wanahudumiwa kutoka humo. Mteja wa Nairobi amelipa pesa halali na simu yake inafanya kazi ngumu zaidi. Katiba yetu nayo, Kifungu cha 46, inampa haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nayo, na ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Msingoje tutungiwe sheria nyingine ndipo mtutendee mnavyowatendea wengine.

Labda mtajiuliza kwa nini fundi anaomba simu isiyohitaji fundi. Ni kweli kubadilisha betri ndiko kunakolipa kodi ya meza yangu, na simu ikianza kufunguka kwa mkono nitapoteza sehemu ya kazi hiyo. Kazi zipo nyingine: vioo vinapasuka kila siku, tundu la chaji linaingia vumbi, spika zinalowa mvua ya Aprili. Afadhali nikose ile ya betri kuliko kumwambia mama wa watu kwamba simu aliyoilipia kwa shilingi za kila siku imefika mwisho, ilhali naona kwa macho yangu kwamba bodi ni nzima, kioo ni kizima, na kilichokufa ni kipande kimoja. Simu zinazoshindikana mwishowe utazikuta kwenye jaa la taka la Dandora na betri zake ndani, na kule kuna watu wanaozivunja kwa mikono mitupu ili wapate shaba.

Kuna mengine ambayo wateja huyataja wakiwa wamekaa kwenye kile kibao changu wakingoja, nami nimeahidi kuyafikisha. Rudisheni nafasi ya laini mbili pamoja na memori kadi. Treyi ya sasa inamlazimisha mtu achague, na wengi wetu tunashika laini mbili, moja ya pesa na moja ya bando. Rudisheni tundu la spika za masikioni, kwa kuwa waya wake ndio antena ya redio ya FM. Mlipolitoa mliondoa na redio, na mlinzi wa usiku ambaye alisikiliza taarifa bure sasa anakula bando. Matangazo yanayojitokeza kwenye skrini iliyofungwa yaondoeni kabisa, maana data yanayoitumia ni ya mteja. Kibodi nayo ijifunze Kiswahili vizuri. Mtu anaandika "nitakutumia kesho" na simu inambadilishia maneno kuwa ya Kizungu, hadi ujumbe wa kudai deni unasomeka kama wa mgeni.

Masasisho ya usalama ni jambo zito kidogo kuliko hayo. Samsung na Google wameahidi miaka 7 kwa baadhi ya simu zao. Zenu zinaachwa mapema mno, na simu iliyoachwa bila ulinzi ndiyo hiyo hiyo yenye akiba ya mtu. Betri inayobadilika haitakuwa na faida kamili kama mfumo utakufa kabla yake, kwa hiyo haya mawili yatekelezeni pamoja.

Lakini mkiniambia mnaweza kutekeleza moja tu katika toleo lijalo, litakuwa betri. Sidai kifuniko cha kubandua kwa ukucha kama mnaona ni taabu. Wekeni skrubu za kawaida ambazo kila fundi ana bisibisi yake. Betri ishikwe na kiulimi cha kuvutia badala ya gundi. Utepe wa alama ya kidole urefushwe au uhamishiwe kwenye kitufe cha pembeni, kifuniko kitoke bila kukata kitu. Ndani ya simu wekeni sehemu ya kuonyesha betri imebakiwa na uwezo kiasi gani na imechajiwa mizunguko mingapi, ili mtu anayenunua ya mtumba ajue anachonunua. Na wekeni mpangilio wa kuzuia chaji isipite 80% kwa wale ambao simu yao haitoki kwenye waya mchana kutwa.

Kwa simu ambazo tayari ziko mikononi mwa watu, naomba mambo matatu kwa maandishi: bei ya betri orijino mtakayoiuzia fundi yeyote hapa Nairobi na duka itakakopatikana, muda ambao mtaendelea kuileta baada ya modeli kuondolewa, na mahali pa kupeleka betri zilizofura. Za wateja wangu nazihifadhi kwenye debe la bati lenye mchanga nyuma ya kibanda. Sitazitupa jaani, na kituo chenu kilikataa kuzipokea.

Jibu lipitisheni kwa mwenye duka letu, anuani yake iko kwenye bahasha. Simu ya mama wa Marikiti nimeiwasha kwa betri ya mtaani niliyoipima ikafaa, na nimemwambia airudishe niikague kila baada ya miezi mitatu. Mkinitumia betri yenu halisi kabla ya hapo, nitambadilishia bila malipo ya ufundi.

Wenu mwaminifu,

Fundi wa simu, Luthuli Avenue

Nakala: Mamlaka ya Ushindani ya Kenya